Bega lililoumizwa na sindano ya chanjo: fidia inadaiwa wapi Uganda?

Dada yangu anauza vitenge sokoni Arua. Kitenge kizuri hutundikwa juu ili mteja akione tangu mbali, na miaka yote dada alikuwa ananyoosha mkono tu anakishusha. Siku aliyochanjwa homa ya ini, yeye alikuwa amekaa na muuguzi amesimama. Muuguzi akamvuta shingo ya gauni kidogo, akachoma palepale palipofunuka, juu kabisa, karibu na mfupa wa bega. Usiku ule bega likaanza kuwaka moto. Wiki ya tatu ikamkuta anamwita mtoto wa jirani amshushie vitenge kwa ufito, na asubuhi mimi ndiye niliyekuwa namfunga kilemba kwa sababu mkono haukufika kichwani.

Tulipoanza kuuliza fidia inadaiwa wapi, kila mtu alitupa mlango wake. Mmoja alisema nendeni mahakamani. Mwingine akasema andikieni baraza la wauguzi. Shehe wa mtaani kwetu akashauri tukae na kituo tuzungumze. Kijana mmoja akatuonyesha kwenye simu habari za Marekani, ambako watu wanalipwa fedha nyingi kwa bega kama hilo. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Mimi si wakili. Nilifuatana na dada ofisi kwa ofisi, nikasoma na kuuliza. Naandika kwa ajili ya mtu aliyesimama tulipokuwa tumesimama sisi, mkono unauma na hajui agonge wapi.

Jeraha lenyewe

Mkono kuuma baada ya chanjo ni kawaida, na huisha baada ya siku chache. Jeraha ninalolisema hapa ni jingine. Msuli wa bega una mahali pake pa kuchomwa: vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa, katikati ya msuli. Sindano ikiingia juu zaidi, dawa inaweza kumwagika kwenye kifuko kinacholainisha kiungo au kwenye kano, na humo ndani kukawaka uvimbe. Maumivu huanza ndani ya saa 48, mkono hauinuki, na kwa wengine bega hukakamaa kwa miezi. Kwenye ripoti za madaktari utakuta kifupi chake, SIRVA.

Chanjo yenyewe haina kosa hapo. Tatizo ni mahali sindano ilipoingia. Ndiyo maana dada alirudi kumalizia dozi zake mbili zilizobaki, mkono wa pili, yeye amekaa na muuguzi naye amekaa. Na ndiyo maana kisheria bega halifanani na madhara mengine ya chanjo. Mtu aliyepata mzio ambao hakuna aliyeweza kuutabiri ana kazi ngumu kumtafuta mwenye kosa. Sindano iliyochomwa juu mno ina mkono ulioichoma, na mkono huo ulikuwa na mafunzo na mwongozo wa kuufuata. Lishike hilo, maana Uganda karibu kila mlango utakuuliza kosa ni la nani.

Kijana wa simu na habari za Marekani

Alichotuonyesha ni kweli, ila ni cha Marekani. Sheria ya huko ya mwaka 1986 ilianzisha mfuko wa fidia kwa walioumizwa na chanjo, ukaanza kazi 1988, na unajazwa kwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa katika dozi. Mwaka 2017 jeraha la bega liliingizwa kwenye jedwali lake: ukionyesha kwamba maumivu yalianza ndani ya saa 48 na yamedumu zaidi ya miezi sita, huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Fidia ya maumivu ina kikomo cha dola 250,000, na mara nyingi mfuko unamlipa hata wakili.

Uganda haina mfuko wa namna hiyo kwa chanjo za kawaida, na ule wa Marekani haumhusu aliyechanjwa Arua, Mbale wala Kampala. Unamhusu Mganda aliyechanjwa akiwa huko, tuseme chanjo ya mafua alipokuwa masomoni, hata kama sasa amerudi nyumbani. Ana miaka mitatu tangu dalili ya kwanza. Kwa chanjo ya korona huko kuna mfuko mwingine, na muda wake ni mwaka mmoja tu.

Mambo ya kupimia

Kila njia nimeipima kwa maswali matano. Unatakiwa uthibitishe nini? Una muda gani? Itakugharimu nini? Mwisho wake unaweza kupata nini? Na inamfaa nani?

Swali la nne ndilo watu wengi wanaliruka, na mimi naliona kuwa ndilo kubwa. Kurudishiwa gharama za matibabu, kulipwa kwa maumivu na kazi iliyopotea, kuombwa radhi, na muuguzi kufundishwa upya ili asimwumize mwingine, hayo ni mambo manne mbalimbali. Hakuna mlango mmoja unaoyatoa yote. Dada nilipomuuliza anataka lipi, alinijibu, "Mdogo wangu, mimi nataka mkono wangu kwanza. Hela baadaye." Jibu hilo lilituchagulia njia kuliko ushauri wowote tuliopewa.

Kabla ya mlango wowote, daftari

Kwetu mgonjwa huenda kituoni na daftari la shule, na humo ndimo historia yake yote. Daftari la dada lina jalada lililolegea kwa kushikwa. Ukurasa wa chanjo uliandikwa tarehe na "HepB 1", basi. Haukuandikwa mkono upi, wala namba ya chupa ya dawa. Lakini siku ya tatu alirudi kulalamika, na mganga wa zamu akaandika mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: maumivu makali bega la kushoto tangu chanjo, mkono hauinuki, Panadol. Mstari ule wenye tarehe ndio uliobeba madai yetu yote, kwa sababu ulionyesha maumivu yalianza lini kabla hatujawaza habari za fidia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama bega linauma na hujarudi kituoni, rudi leo wakaandike.

Kisha kusanya mengine. Tunza kadi ya chanjo. Kama kituo ni cha serikali, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inakupa haki ya kuomba kwa maandishi nakala ya rejista ya siku ile, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Kwa kituo cha binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako zinazoshikiliwa na wengine. Piga picha ya bega kwa mawimbi ya sauti, au MRI kama mfuko unaruhusu, na mwombe daktari wa mifupa aandike kwa maneno yake kama jeraha linalingana na sindano iliyochomwa juu. Tunza kila risiti, hata ya nauli. Na wakati huohuo toa taarifa ya madhara kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, kupitia kituo au kwa programu ya simu ya Med Safety. Taarifa hiyo haikuletei shilingi, lakini inaweka jeraha lako kwenye kumbukumbu za nchi.

Kukaa na kituo

Njia hii inadai ushahidi mdogo kuliko zote. Hakuna hakimu, unahitaji kumshawishi mwenye kituo kwamba yaliyotokea yametokea. Unaandika barua fupi: ulichanjwa lini, nani alikuwepo, maumivu yalianza lini, daktari amesema nini, unaomba nini. Ambatisha nakala, usitoe karatasi halisi hata moja. Kama kituo ni cha serikali, barua aipate inchaji, yaani mkuu wa kituo, na nakala iende kwa afisa afya wa wilaya na afisa mkuu tawala.

Haina ukomo wa muda, na hapo ndipo pana mtego wake. Kuzungumza hakusimamishi siku za mahakama. Watu wamepigwa kalenda ya "rudi wiki ijayo" mpaka muda wa kushtaki ukaisha. Siku unayopeleka barua ya kwanza, weka tarehe moyoni ya kuachana na maneno.

Gharama ni karatasi na nauli. Unachoweza kupata ni matibabu, kurudishiwa ulichotumia, radhi, na pengine kiasi cha kufuta machozi. Kwa kliniki ya binafsi au hospitali ya misheni njia hii ina nguvu, kwa sababu mwenye uamuzi yuko karibu na anajali jina lake. Kwa kituo cha wilaya ni dhaifu kwa upande wa fedha: inchaji hana mamlaka ya kuahidi hela za wilaya, hata akiwa na moyo mwema.

Kwa dada, barua ya kwanza ilijibiwa kwa mdomo kwamba hiyo ni baridi yabisi. Ya pili ilikwenda na picha ya bega na maneno ya daktari wa mifupa, na wakatuita. Walikubali kulipia mazoezi ya viungo na dawa, na mwenye kituo akamwomba radhi ana kwa ana. Kisha wakatoa hati ya kutia sahihi, na ndani yake palikuwa na sentensi inayosema hatadai tena kitu chochote kuhusu bega hilo. Dada hakutia sahihi siku ile. Tuliichukua, tukamwonyesha wakili wa msaada wa sheria, ikarudi imeandikwa kwamba malipo yale ni ya matibabu tu. Hati kama hiyo ikishatiwa sahihi na mashahidi, na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akigonga muhuri, kuivunja ni vigumu sana. Usiisome umesimama.

Inamfaa mtu ambaye haja yake ya kwanza ni matibabu, ambaye bega lina matumaini ya kupona, na ambaye anaendelea kukitegemea kituo hichohicho kwa watoto na wazee wake.

Mabaraza ya taaluma

Uganda ina mabaraza tofauti kwa wahudumu tofauti. Wauguzi na wakunga wana lao, madaktari na madaktari wa meno lao, na maafisa wa kliniki wako chini ya baraza la wataalamu washirika wa afya. Chanjo nyingi huchomwa na wauguzi, kwa hiyo uliza kwanza aliyekuchoma ana cheo gani, la sivyo barua itazunguka.

Hapa unathibitisha kwamba mtaalamu alikiuka namna ya kufanya kazi yake. Huhitaji kukadiria hasara kwa shilingi. Eleza mkao, mahali sindano ilipoingia, na jinsi ulivyopokewa uliporudi kulalamika. Hili la mwisho mara nyingine ni zito kuliko sindano yenyewe. Andika mapema, wakati mashahidi wanakumbuka na muuguzi hajahamishwa. Wakili si lazima. Gharama kubwa ni safari, kwa kuwa makao ya mabaraza yako Kampala, na kutoka Arua ni mwendo wa karibu kilomita 500.

Baraza linaweza kuonya, kusimamisha, au kumfuta mtu kwenye rejista. Kazi yake si kukulipa fidia. Hata hivyo uamuzi wake unaweza kuwa karatasi nzuri mkononi mwa wakili wako baadaye, na ndiyo njia pekee kati ya hizi inayomgusa moja kwa moja mchomaji mwenyewe. Wapo wanaoona huruma, na mimi nawaelewa: muuguzi wa kituo cha kijijini anachanja watu wengi peke yake, kiti ni kimoja na kimekaliwa na mgonjwa. Barua yako inaweza kulisema hilo pia, kwamba unaomba mafunzo na viti kuliko adhabu.

Inamfaa anayetaka jambo lisirudiwe, na yule aliyetendewa kwa dharau, na aliyechomwa na mtu anayemshuku kuwa hana leseni.

Tume ya Haki za Binadamu

Tume hii imo ndani ya Katiba ya 1995, na ina mahakama yake ndogo yenye uwezo wa kuamuru fidia. Ina ofisi mikoani, Arua ikiwamo, na zipo pia Gulu, Jinja, Mbarara, Soroti na Fort Portal. Kupeleka malalamiko hakulipiwi. Unaweza kuyasema kwa mdomo na ofisa akayaandika, jambo linalowasaidia wengi wetu tunaozungumza Kiswahili au lugha za nyumbani kuliko Kiingereza.

Muda wake ni mpana: miaka mitano tangu tukio. Aliyechelewa mahakamani huenda hajachelewa hapa.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Sindano iliyokosea mahali, peke yake, ni uzembe wa kitaalamu. Tume inataka kuona haki iliyovunjwa. Kama ulichanjwa kwa kulazimishwa, ukanyimwa maelezo, ukafukuzwa uliporudi na maumivu, au ukanyimwa kumbukumbu zako, hapo una la kusema. Kwa kawaida malalamiko huelekezwa kwa vyombo vya serikali, kwa hiyo aliyechomwa kliniki ya binafsi hapati msaada mkubwa. Na jambo lililoko mbele ya mahakama Tume haiwezi kulichunguza, kwa hiyo usifungue pande mbili kwa pamoja. Kusikilizwa huchukua muda, na tuzo ikiwa dhidi ya serikali malipo nayo yana foleni yake.

Inamfaa aliyeumizwa katika kituo cha umma, asiye na uwezo wa wakili, na ambaye jeraha lake limefuatwa na kutendewa vibaya.

Mahakama

Hapa ndipo penye fedha, na ndipo penye mzigo. Unatakiwa uonyeshe mambo matatu yakiwa yamefungamana: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwako, kwamba aliuvunja kwa kufanya ambacho mhudumu makini asingefanya, na kwamba kuvunja huko ndiko kulikokuumiza. La kwanza ni rahisi. La pili linahitaji daktari au muuguzi mwenye uzoefu aje aseme sindano huchomwa wapi. La tatu ndilo vita yenyewe, maana upande wa pili utasema bega lako lilikuwa bovu tangu zamani, au ulilichosha kwa mizigo. Daftari lenye tarehe za siku za mwanzo ndilo linalojibu hoja hiyo. Kipimo ni uzito wa ushahidi, yaani hakimu aone kwamba maelezo yako yana uwezekano zaidi kuliko ya upande wa pili.

Muda unategemea unamshtaki nani. Ukimshtaki mtu au kampuni binafsi kwa jeraha la mwili lililotokana na uzembe, una miaka mitatu. Ukiishtaki Serikali au serikali ya wilaya, una miwili tu. Tofauti hiyo imewapotezea watu haki, kwa sababu mgonjwa haoni tofauti kati ya jengo hili na lile. Kituo cha afya cha wilaya, anayeshtakiwa ni wilaya yenyewe, ambayo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ni mtu kisheria. Hospitali za rufaa za serikali, ni Mwanasheria Mkuu. Vituo vya jiji la Kampala, ni KCCA, mamlaka ya jiji hilo. Hospitali ya misheni, ni wadhamini wake waliosajiliwa. Kwa madai dhidi ya serikali, mawakili hutanguliza notisi ya maandishi.

Chumba cha kuingia kinategemea kiasi. Sheria ya 2007 iliweka mpaka wa hakimu wa daraja la kwanza kuwa shilingi milioni 20 na wa hakimu mkuu milioni 50. Juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Utaratibu wa madai madogo, ambao wengi wanausifu kwa haraka yake, ni wa madeni, bidhaa na kodi za nyumba, hauingizi bega. Habari njema ni kwamba kwa kanuni za 2013 kesi za madai hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi, na kuna zinazomalizikia hapo.

Kuhusu gharama, sahau matangazo ya nje ya wakili asiyelipwa mpaka mshinde. Kanuni za Uganda zinamkataza wakili kupatana nawe agawane sehemu ya fidia. Utamlipa, au utatafuta msaada wa sheria: mradi wa Chama cha Wanasheria cha Uganda, FIDA Uganda kwa wanawake, Justice Centres Uganda, au kliniki ya sheria ya Law Development Centre. CEHURD, shirika la Kampala linalopigania haki za afya, huchukua kesi chache zenye uzito kwa umma. Ukishindwa, kwa kawaida unabeba gharama za upande wa pili, na hilo likae mezani tangu mwanzo.

Unachoweza kupata kiko mafungu mawili. Hasara unazoweza kuzihesabu, kama dawa, nauli na siku za soko zilizopotea, lazima zitajwe kwenye madai na kuthibitishwa moja moja. Bila risiti hazipo. Maumivu na mkono usiofanya kazi, jaji hukadiria mwenyewe. Ili matumaini yasipande kupita kiasi, kumbuka kesi ya Nakaseke: mama aliyefariki kwa uchungu wa uzazi uliokwama, katika hospitali ya wilaya, mwaka 2011. Kesi ilifunguliwa 2012, hukumu ikatoka 2015, na fidia ilikuwa shilingi milioni 35. Hiyo ni kwa uhai wa mtu. Na ukiishinda Serikali huwezi kukamata magari yake kwa dalali. Unasubiri bajeti, na foleni ya wanaoidai ni ndefu.

Inamfaa ambaye bega limeharibika kwa kudumu, aliyepoteza kazi inayotegemea mkono kama ufundi, ukinyozi au ususi, mwenye ripoti ya daktari isiyoyumba, na mwenye wa kumshika mkono kwa miaka kadhaa.

Mfuko wa COVAX

Hii ni kwa chanjo ya korona pekee. Uganda ilipokea shehena ya kwanza Machi 2021 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za korona, na kwa nchi 92 za kipato kidogo na cha kati, yetu ikiwamo, kuliwekwa mfuko wa kulipa bila kuuliza kosa ni la nani. Kuomba hakulipiwi na wakili si lazima.

Lakini mlango ni mwembamba. Chanjo lazima iwe imeletwa na COVAX; zilizoletwa kwa njia nyingine, kama msaada wa moja kwa moja wa nchi fulani, hazimo. Na madhara yanayofikiriwa ni yale mazito, ya kulazwa hospitali na kubaki na ulemavu wa kudumu, au kifo. Bega lililokakamaa na kutibiwa nyumbani halifiki hapo. Ukilipwa, unalipwa kwa mkupuo mmoja na madai yanafungwa. Ni mfuko wa muda, na COVAX yenyewe ilifunga kazi mwisho wa 2023. Unamfaa mtu mmoja mmoja tu, aliyelazwa na ana karatasi za kulazwa.

Kulingana na hali yako

Kama ulichomwa kliniki ya binafsi miezi michache iliyopita na bega bado linatibika, anza na barua kwa kituo, na ujipe miezi mitatu au minne isiyozidi. Wasipojibu, una nafasi ya kutosha ya kumwona wakili.

Kama ni kituo cha wilaya, usitumie muda mwingi kwenye maneno. Andika barua ili iwe kumbukumbu, omba rejista, kisha amua mapema kati ya Tume na mahakama, kwa sababu huwezi kuziendesha zote mbili. Ulemavu wa kudumu na ripoti nzuri vinakuelekeza mahakamani. Kutukanwa, kulazimishwa au kufukuzwa, pamoja na mfuko mtupu, vinakuelekeza kwenye Tume.

Kama ulichanjwa kwa amri ya mwajiri, tuseme wewe ni mfanyakazi wa hospitali na ulitakiwa upate chanjo ya homa ya ini, mwone pia afisa kazi wa wilaya. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000 haimuulizi mwajiri kama alikosea, inauliza kama jeraha lilitokana na kazi. Mwajiri anaweza kubisha kwamba chanjo si kazi. Barua yake ya kukuagiza uchanjwe ndiyo hoja yako.

Kama aliyeumia ni binti yako aliyechanjwa shuleni dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, usisubiri akue. Hesabu ya muda kwa mtoto ina kanuni zake, na mzazi aliyejua akanyamaza anaweza kumkwamisha. Mwone wakili mapema, na baraza la wauguzi liandikie wiki hiyohiyo, maana timu inayochanja shule moja inachanja nyingine kesho yake.

Kama unachotaka ni muuguzi yule asimwumize mwingine, baraza linatosha, na unaweza kuliendea sambamba na njia nyingine yoyote.

Na kama ulichomwa karibu miaka miwili iliyopita katika kituo cha serikali, acha barua na mazungumzo kwanza. Chukua daftari, kadi na risiti, hata kama hazijakamilika, umfikie wakili wa msaada wa sheria kabla wiki haijaisha, na umwambie tarehe ya sindano kabla hujamwambia kitu kingine.